Kupiga Ridhimu ya Bluzi kwa Mtindo wa Fanki: Mwongozo kwa Mpiga Gitaa

Bluzi inayopigwa kwa mtindo wa fanki haina kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za ajabu. Hutumia kodi zile zile tatu na mzunguko ule ule wa vipimo 12 ambao wapigaji wa Memphis na Chicago wameutumia kwa miongo mingi, na mtu anayeweza kuzungusha A7, D7 na E7 tayari ana malighafi yote anayohitaji. Kinachobadilika ni namna pigo linavyogawanywa na, zaidi ya hapo, kiasi cha sauti kinachoruhusiwa kusikika. Katika bluzi ya mwendo wa shafuli kila pigo hugawanywa sehemu tatu, mpigaji akagusa ya kwanza na ya tatu, na ndiyo maana muziki huo hutembea kwa kuchechemea. Katika fanki kila pigo hugawanywa sehemu nne, kwa hiyo kipimo chenye mapigo manne huwa na nafasi 16, na karibu kazi yote ya mpiga ridhimu ni kuamua nafasi zipi kati ya hizo zitoe kodi na zipi zibaki mkwaruzo mkavu wa nyuzi zilizozimwa.

Mtindo huu ulikomaa Marekani katikati ya miaka ya 1960. Jimmy Nolen, mzaliwa wa Oklahoma ambaye alikuwa amepiga katika bendi ya Johnny Otis, alijiunga na mwimbaji James Brown mwaka 1965, na rekodi ya "Papa's Got a Brand New Bag" iliyotoka mwaka huo huo inafaa kusikilizwa kabla ya kushika gitaa, kwa sababu beti zake zimejengwa juu ya vipimo 12 vya bluzi huku gitaa likikata kodi fupi badala ya kuziacha zivume. Upigaji wa Nolen ulipewa jina la utani la kuku anayepekua ardhi. Mjini Memphis, katika studio za Stax, Albert King alirekodi bluzi zake kati ya mwaka 1966 na 1967 akisindikizwa na Booker T. & the M.G.'s, na ukimsikiliza Steve Cropper, mpiga gitaa wa bendi hiyo, katika rekodi hizo utashangaa jinsi anavyopiga kidogo. Anayetaka kusikia nafasi 16 zikichezewa kwa ujanja zaidi amsikilize Leo Nocentelli wa The Meters, kundi la New Orleans.

Kanuni inayobeba mambo mengine yote ni hii: mkono wa kulia hausimami, na mkono wa kushoto ndio unaoamua kinachosikika. Wanaoanza hudhani kinyume chake. Husikia sauti mbili tatu zilizokatika katika kipimo, wakajaribu kuutumia mkono wa kulia kuzipiga hizo tu na kutulia katikati, na matokeo yake huwa mapigo yasiyo na mahali, kwa sababu mkono uliotulia haujui ni lini hasa uanze tena. Mkono wa kulia ndio saa ya mpigaji mwenyewe, na saa haisimami kwa sababu tu hakuna anayeitazama.

Kuhusu vifaa hakuna mengi ya kusema. Gitaa la umeme lenye sauti safi, isiyounguruma, ndilo linalofaa zaidi, na kinasa sauti (pickup) cha gitaa kilicho karibu na daraja au kile cha katikati hutoa ukali unaopenya katikati ya besi na ngoma. Gitaa kavu linatosha kabisa kwa mazoezi, na lina faida ya kukuonyesha bila huruma kama nyuzi zako zimezimwa vizuri. Piki, kile kibapa cha kupigia nyuzi, iwe nyembamba kiasi, kati ya milimita 0.6 na 0.8, kwa maana piki ngumu hukwama kwenye nyuzi mkono unapokwenda kasi. Ishike ili ncha ndogo tu ndiyo itokeze, na uiinamishe kidogo ili iteleze juu ya nyuzi badala ya kuzing'ang'ania.

Anza na mkono wa kulia peke yake. Laza vidole vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote bila kuzikandamiza, kisha kwaruza kwa kushuka na kupanda bila kukoma, nafasi nne katika kila pigo. Namna rahisi ya kujua mahali ulipo ni kuzipa nafasi hizo namba, moja hadi 16: namba zote zisizogawanyika kwa mbili hupigwa kwa kushuka, na namba zote zinazogawanyika kwa mbili hupigwa kwa kupanda. Mapigo manne makuu yataangukia nafasi ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, na yote hayo ni ya kushuka. Kanuni hii haivunjwi, hata pale ambapo ingeonekana rahisi kupiga mikwaruzo miwili ya kushuka mfululizo. Kuhesabu hadi 16 kwa sauti ni kugumu kwa kasi yoyote ya maana, kwa hiyo mdomoni tumia silabi fupi, ta kwa kushuka na ka kwa kupanda, na uache namba kwa ajili ya kuelewa mifumo iliyoandikwa hapa chini.

Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono, ukiwa mlegevu kama wa mtu anayekung'uta maji vidoleni baada ya kunawa. Kiwiko kikianza kufanya kazi, mkono utachoka kabla ya wimbo kuisha na mapigo yataanza kubaki nyuma. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, kasi ambayo itaonekana ya kitoto, kisha sikiliza kama nafasi zote nne za kila pigo zina nguvu sawa. Mara nyingi zile za kupanda huwa hafifu, kwa sababu piki hugusa nyuzi nyembamba mbili tu inaporudi. Hilo si kosa lenyewe, mradi mwendo uwe sawa, kwa kuwa tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoupa mkwaruzo uhai. Tatizo ni pale nafasi za kupanda zinapochelewa.

Sasa mkono wa kushoto, ambako ndiko kuliko na kazi kubwa. Sauti fupi ya fanki haitokani na kupiga kwa haraka. Inatokana na vidole kukandamiza kodi kwa muda mfupi mno, kisha kulegea, huku vikiendelea kuzigusa nyuzi. Ukiviinua vidole kabisa, nyuzi wazi zitavuma na kila kitu kitachafuka. Ukivilegeza bila kuviondoa, sauti hukatika papo hapo na mwendo unaofuata wa mkono wa kulia hutoa mkwaruzo. Fanya zoezi hili bila kubadilisha kodi hata moja: kandamiza, legeza, kandamiza, legeza, mpaka kiganja kijue tofauti ya shinikizo bila kuangaliwa. Waliowahi kupiga rege watajikuta wana nusu ya ujuzi huu tayari, kwa kuwa ile kodi fupi ya rege hukatwa kwa mkono ule ule. Waliokulia katika rumba au benga wana sikio zuri la kusikia magitaa yakipokezana, lakini wamezoea kuacha noti zitiririke, na wao ndio watakaolazimika kuwa wavumilivu zaidi hapa.

Kuna tatizo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kodi nyingi za mtindo huu hushikwa kwenye freti (vile vyuma vya shingo ya gitaa) ya 5 na ya 7, na hapo ndipo, pamoja na freti ya 12, uzi uliogusaguswa kidogo hutoa mlio mwembamba kama wa kengele badala ya kunyamaza. Ukisikia vilio hivyo katikati ya mikwaruzo, usiongeze nguvu ya kukandamiza, kwani utaziharibu nafasi zilizotakiwa kuzimwa na kuzifanya zitoe kodi. Dawa ni kuhakikisha kila uzi unaguswa na zaidi ya kidole kimoja: vidole visivyotumika katika kodi, hasa cha mwisho, vilazwe juu ya nyuzi nyembamba wakati wa kulegeza, na ncha ya kidole kilichoshika uzi wa tano (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba zaidi) iguse kidogo uzi wa sita ili usisikike. Wenye viganja vikubwa huuzima uzi wa sita kwa dole gumba linalopita juu ya shingo ya gitaa, na hakuna sababu ya kulikataza hilo, japokuwa walimu wa gitaa la kiklasiki hulichukia.

Kodi zenyewe ziwe ndogo. Kodi ya nyuzi sita huziba nafasi ya besi na kinanda, na haikatiki vizuri. Kwa bluzi katika ufunguo wa A, tutatumia nyuzi tatu tu, au tano panapohitajika. A7 ishike kwa kulaza kidole cha shahada kwenye freti ya 5 juu ya uzi wa nne, wa tatu na wa pili, kisha kidole cha kati kiweke kwenye uzi wa tatu, freti ya 6. Kwa D tumia kodi ya tisa, D9, ambayo ndiyo harufu yenyewe ya fanki: kidole cha kati kwenye uzi wa tano, freti ya 5, cha shahada kwenye uzi wa nne, freti ya 4, na cha pete kilazwe juu ya uzi wa tatu, wa pili na wa kwanza, wote kwenye freti ya 5. E9 ni umbo hilo hilo likisogezwa mbele kwa freti mbili. Ona kwamba mkono haujaondoka kwenye freti ya 5 isipokuwa kwa E9, jambo linalokuachia akili ya kushughulikia mdundo.

Mifumo ifuatayo inatumia O kwa nafasi inayotoa kodi na x kwa mkwaruzo. Mfumo wa kwanza ni wa kuudhi kwa urahisi wake:

O x x x | x x x x | x x x x | x x x x

Kodi moja katika nafasi ya 1, kisha mikwaruzo 15. James Brown aliwasisitizia wanamuziki wake uzito wa pigo la kwanza la kipimo, na mfumo huu unakufundisha kulifikia pigo hilo kwa wakati baada ya safari ndefu ya mikwaruzo. Usiuache mpaka uweze kuupiga katika mzunguko mzima wa vipimo 12 bila kodi kuchelewa.

Mfumo wa pili una kodi tano, katika nafasi ya 1, ya 4, ya 7, ya 11 na ya 13:

O x x O | x x O x | x x O x | O x x x

Msikilizaji wa rumba ya Kongo ataufahamu kabla ya kumaliza kuusoma, kwa kuwa ni mdundo wa klave uliofika Kongo pamoja na santuri za Kuba. Katika Marekani mdundo wa jamaa hiyo uliingia kwenye bluzi kwa nguvu mwaka 1955 kupitia Bo Diddley. Nafasi ya 4 peke yake ndiyo inayopigwa kwa kupanda, nyingine zote ni za kushuka, na kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuirefusha kodi ya nafasi ya 4 mpaka ikaimeza ya 5. Nafasi ya 5 ni pigo la pili, mahali pa ngoma ndogo ya mpiga dramu, na gitaa likinyamaza pale ngoma hiyo husikika kubwa zaidi.

Mfumo wa tatu ndio unaosikika kama bluzi ya fanki hasa:

O x x x | x x O O | x O x x | x x O x

Nafasi ya 7 na ya 8 ni kushuka na kupanda kwa mfululizo, ya 10 ni ya kupanda, na ya 15 ni ya kushuka, ikitangaza kipimo kinachokuja. Nafasi ya 9, ambayo ni pigo la tatu, huachwa makusudi. Kodi zinazolizunguka pigo bila kulikanyaga ndizo zinazomfanya msikilizaji atingishe kichwa, lakini zitafanya hivyo endapo tu mkono wako wa kulia uliikwaruza nafasi ya 9 kwa wakati wake. Jirekodi kwa simu unapofika hapa. Sikio la mtu anayepiga humhurumia mpigaji, ilhali la anayesikiliza baadaye halina huruma hiyo.

Mfumo mmoja ukikaa vizuri, uingize katika mzunguko. Vipimo vinne vya kwanza ni A7, viwili vinavyofuata ni D9, viwili vinarudi A7, kisha kimoja cha E9, kimoja cha D9, kimoja cha A7, na cha mwisho ni E9 inayorudisha mwanzo. Wengi hupenda kuingiza D9 katika kipimo cha pili ili A7 isichoshe. Kubalianeni mapema na mpiga besi, vinginevyo mmoja wenu atakwenda D na mwingine atabaki A. Ugumu unaojitokeza wakati wa kubadilisha kodi una suluhisho jepesi ambalo ndilo faida iliyofichika ya mtindo huu: nafasi mbili tatu za mwisho kabla ya kodi mpya zinaweza kuwa mikwaruzo, na vidole vikahama wakati huo bila mtu kujua. Kwa hiyo ukipiga mfumo wa tatu kwa mara za mwanzo, usiipige kodi ya nafasi ya 15 katika vipimo vinavyotangulia mabadiliko.

Baada ya hapo ongeza mtelezo, ambao wapigaji wa bluzi walikuwa nao kabla fanki haijazaliwa. T-Bone Walker aliutumia katika miaka ya 1940. Kwa A, shika uzi wa nne kwenye freti ya 7, wa tatu kwenye freti ya 6 na wa pili kwenye freti ya 7. Piga, kisha uteleze umbo zima kurudi nyuma freti mbili, hadi 5, 4 na 5. Kodi ya sita inageuka kuwa ya tisa bila piki kugusa nyuzi mara ya pili. Kwa D kazi ni ndogo zaidi: laza kidole cha pete juu ya nyuzi tatu nyembamba kwenye freti ya 7, piga, teleza hadi ya 5. Kwa E anzia freti ya 9 na uishie ya 7. Hapa kuna jambo linalonipendeza kila mara: nyuzi hizo tatu kwenye freti ya 7 ni mwanzo wa mtelezo wa D na pia ni mwisho wa mtelezo wa E, hivyo katika kipimo cha tisa kwenda cha kumi unaweza kubaki pale pale na kumwachia mpiga besi abadilishe maana yake.

Mtelezo huwekwa vizuri kwenye nafasi ya 7, ukifika chini nafasi ya 9. Wakati wa nafasi ya 8 na ya 9 mkono wa kulia unapita hewani bila kugusa nyuzi, lakini unapita, kisha mikwaruzo inaendelea kutoka nafasi ya 10. Shinikizo la mkono wa kushoto lisipungue katikati ya mtelezo. Ukilegeza mapema, sauti itakufa kabla ya kufika.

Swali la wapi uweke mitelezo hiyo hujibiwa na mwimbaji. Ubeti wa bluzi kwa kawaida una mistari mitatu, wa pili ukirudia wa kwanza, na kila mstari hupewa vipimo vinne. Sauti ya mwimbaji hujaza takriban viwili vya mwanzo, na viwili vya mwisho huachwa kwa chombo kujibu. Kwa hiyo chini ya maneno piga mfumo wa kwanza au wa pili kwa sauti ya chini, na mtelezo uusubirishe hadi kipimo cha tatu na cha nne, cha saba na cha nane, cha 11 na cha 12. Kama bendi ina gitaa la solo linalojibu hapo, liachie, ubaki na mikwaruzo. Mpiga ridhimu anayejibu kila mstari pamoja na mpiga solo ni kero hata kama ana vidole vizuri.

Kasi ipandishwe polepole, mapigo manne au matano kwa dakika kila unapoona mwendo umetulia, na kati ya 90 na 105 utakuwa umefika mahali ambapo nyimbo nyingi za aina hii hukaa. Ukiwa hapo, ifanye metronomu ilie katika pigo la pili na la nne tu, kama ngoma ndogo ya dramu, ili pigo la kwanza ulibebe mwenyewe. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika. Nafasi za kupanda zinaweza kucheleweshwa kidogo sana ili muziki upate mnyumbuko, na wapigaji wa New Orleans hufanya hivyo zaidi ya wale wa Memphis, lakini usizicheleweshe mpaka zikageuka shafuli, maana mpiga dramu anayepiga nafasi 16 sawasawa atagongana nawe katika kila pigo.

Kumalizia wimbo, katika mzunguko wa mwisho fika kipimo cha 11 ukiwa kwenye A7, na katika kipimo cha 12 usiende E9. Chukua umbo lile la D9 na ulipeleke juu hadi kidole cha kati kiwe kwenye uzi wa tano, freti ya 13, ambapo litatoa kodi ya tisa ya B bemoli. Ipige mara moja, fupi, katika pigo la kwanza, mkwaruzo mmoja, kisha shuka freti moja, ambapo umbo hilo ni A9, na uipige katika pigo la pili ukiikandamiza bila kuilegeza. Acha kodi hiyo ivume mpaka mpiga dramu azime sahani zake.